Siku ya Hukumu Mwandishi Hayupo

Mtu akikamatwa hapa kwetu Mara, mwandishi wa habari humfikia kabla ndugu zake hawajachanga nauli ya kumfuata kituoni. Lakini mtu huyohuyo akiachiwa huru, baada ya miaka ya kupandishwa na kushushwa karandinga, hutoka mahakamani na mkewe na wakili wake tu, kama alibahatika kuwa na wakili, na gazeti lililoutangazia ulimwengu tuhuma zake halina habari kwamba mahakama imezikataa. Jambo hili si geni, na pengine wasomaji wangu watastaajabu kwa nini limeniudhi juma hili kuliko majuma mengine. Limeniudhi kwa sababu nimekutana nalo ana kwa ana, nikaulizwa swali mbele ya watu, na kila jawabu lililonijia mdomoni nililiona halina murua.

Nilikuwa Bunda nikingoja gari la Musoma lijae, nimeketi katika kibanda cha mama lishe kando ya stendi, na kijana mmoja anifahamuye akamwambia mzee aliyekuwa akinywa uji mbele yangu kwamba mimi ni mtu wa magazeti. Mzee yule, nilivyokuja kuelezwa baadaye, alipata kuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Akashtakiwa kwa wizi wa fedha za wanachama, akatiwa hatiani na mahakama ya chini, akafungwa, akakata rufaa. Aliposikia kazi yangu aliweka kikombe chini, akatia mkono ndani ya koti, akatoa jalada la plastiki lililochakaa, na ndani yake karatasi zilizokunjwa mara nne, mikunjo imetatuka na kuungwa kwa selotepu, na juu ya ukurasa wa mwisho umegongwa muhuri wa rangi ya zambarau. Ilikuwa nakala ya hukumu ya Mahakama Kuu. Imeandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua mwenye hukumu, lakini kidole chake kilikwenda pasipo kusitasita hadi kwenye mistari anayoitaka, maana ameisomewa mara nyingi hata ameijua kwa mahali pake.

"Wasomee hawa, mwanangu," akaniambia.

Nikawasomea kwa Kiswahili: kwamba rufaa imekubaliwa, hatia imebatilishwa, adhabu imefutwa, na mrufani aachiwe huru mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Mama lishe akaacha kukoroga chungu. "Kumbe!" akasema. "Mbona redioni hawakusema?" Ndipo mzee alipoligeuza lile swali likanielekea mimi, tena kwa sauti ya chini isiyo na ghadhabu, kama mtu anayeuliza gari linaondoka saa ngapi: "Nilipoingia mliniandika. Nilipotoka mlikuwa wapi?" Sikuwa mimi niliyemwandika, wala sikujitetea kwa hilo, kwa kuwa machoni pake sisi sote ni kundi moja. Akaniambia pia kwamba mjukuu wake shuleni huitwa Pamba na wenziwe, na mtoto huyo alikuwa hajazaliwa siku gazeti lilipotoka.

Basi na tuitazame kazi yenyewe ilivyo. Kijana anayeanza uandishi Musoma aghalabu huanzia redioni kwa kujitolea, kisha gazeti la Dar es Salaam humkubali kuwa mwandishi wa kujitegemea, maana yake alipwe kwa kila habari iliyochapwa, na isiyochapwa ni hasara yake. Asubuhi yuko kwa kamanda wa polisi wa mkoa, ambako taarifa hupatikana ikiwa kamili kama nguo iliyoshonwa: jina la mtuhumiwa, umri wake, mahali alipokamatwa, kosa lake, na wakati mwingine watuhumiwa wenyewe wamepangwa mstari nyuma ya mapanga na magunia ya bangi ili wapigwe picha. Saa sita yuko mahakamani. Ikiwa shauri ni la mauaji, kila mwandishi wa habari za mahakama ana sentensi yake tayari, kwamba mshtakiwa hakutakiwa kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Nayo ni sentensi ya kweli kisheria, ila msomaji akiisha kuisoma huondoka na hatia kamili kichwani, na yule aliyenyamazishwa na sheria huonekana kana kwamba amenyamazishwa na aibu.

Baada ya wiki mbili shauri hutajwa. Upelelezi haujakamilika. Baada ya wiki mbili nyingine hutajwa tena, na mhariri hanunui habari ya kutajwa, wala simlaumu, kwa sababu hakuna mtu awezaye kuisoma. Mwandishi hupoteza nauli mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu hatokei. Miaka hupita, shauri huhamishwa, lile kubwa zaidi zamani lilikuwa likivushwa hadi Mwanza, kabla Mahakama Kuu haijapata kanda yake Musoma. Siku ya hukumu inapowadia, yule kijana amekwisha kuwa afisa habari wa halmashauri, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi na ofisi yenye feni, akiandika habari za mgeni rasmi aliyezindua kisima. Huko ndiko wanakoishia wengi wa waandishi wetu hodari, na anayewacheka hajapata kuishi kwa malipo ya habari mojamoja.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba tatizo ni umaskini wa mwandishi na bahasha anayopewa na wanaomwalika, na kwamba ukimlipa vema ataandika yote. Nakubali nusu. Bahasha ina ubaya mwingi uliokwisha kusemwa, lakini upo ubaya wake mmoja ambao sijausikia ukisemwa: bahasha haiwezi kutoka pasipo mwenyeji. Kukamatwa kuna mwenyeji, ambaye ni serikali. Baraza la madiwani lina mwenyeji. Mkutano wa mgombea una mwenyeji, na posho, na soda. Kuachiwa huru hakuna mwenyeji. Yule aliyeachiwa ametoka gerezani hana hata nauli ya kurudi kwao, Jamhuri iliyoshindwa haiiti waandishi kuwatangazia kushindwa kwake, na hakimu akiisha kusoma hukumu huinuka akaenda zake. Hivyo, bila mtu yeyote kukusudia dhuluma, na hata pasipo uongo wowote kuandikwa, habari za mkoa mzima huwa ni habari za wenye kualika, na asiye na uwezo wa kualika hubaki na cheo alichopewa siku alipokuwa mgeni wa wengine.

Siasa nayo ina mkondo huohuo. Wapo watu Bunda waliokesha mwaka 1995 wakingoja matokeo, siku Stephen Wasira, akiwa amesimama kwa NCCR-Mageuzi, alipomshinda Joseph Warioba, aliyepata kuwa Waziri Mkuu. Watu hao watakusimulia kampeni ile mpaka rangi za mashati, lakini waulize mahakama ilisema nini, kwa sababu ushindi ule ulipingwa na ukatenguliwa, nao wataanza kubishana wao kwa wao. Mwaka 2015 Wasira, safari hii wa CCM tena akiwa waziri, alishindwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa Chadema. Wapiga kura wakafungua shauri, likapanda hadi Mahakama ya Rufani juu ya hoja ya nani ana haki ya kushtaki, likarudi chini, mwishowe likatupwa. Humo mlikuwa na elimu ya uraia nyingi kuliko katika mikutano yote ya kampeni. Hukumu yake ilisomwa na wangapi? Na Bunda hiyohiyo ni nyumbani kwa Warioba yuleyule ambaye tume yake ya mwaka 1996 ilianika bayana jinsi rushwa ilivyomsumbua mwananchi katika vituo vya polisi na mahakamani, kwenye milango ileile ambayo mwandishi wetu hupita kila siku na kuchukua taarifa iliyoshonwa.

Mwingine atasema kwamba sheria za habari ndizo zilizotufunga mikono. Huyo nitakwenda naye hadi Butiama. Mzaliwa wa pale, kabla hajawa mkuu wa nchi, alisimama kizimbani kwa sababu ya uandishi: mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai juu ya makala iliyotoka katika Sauti ya TANU ikiwashutumu wakuu wa wilaya wawili wa serikali ya kikoloni, akatetewa na D. N. Pritt, wakili aliyekwisha kumtetea Jomo Kenyatta Kapenguria, akatiwa hatiani, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ikalipwa. Shauri lile lilifuatwa hadi mwisho, na mwisho wake ukawa sehemu ya historia yetu. Ni kweli pia, na kumheshimu Mwalimu si kulificha, kwamba ni chini ya serikali yake ilipotungwa Sheria ya Magazeti ya 1976 iliyoipa serikali uwezo wa kulifungia gazeti, na ikatumika miaka arobaini mpaka ilipokuja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo nayo ina makali yake. Yote hayo nayakiri. Lakini nimezisoma sheria hizo, na sikuona hata kifungu kimoja kinachomkataza mwandishi kuandika kwamba fulani ameonekana hana hatia.

Wala sisemi kwamba kazi hii ni nyepesi. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012, akiwa kazini mbele ya askari. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, aliyeandika habari za mauaji ya Kibiti, alitoweka Novemba 21, 2017, na familia yake haijapewa kaburi wala jawabu. Mtu anayewaza majina hayo akiwa njiani kwenda kuuliza maswali kituo cha polisi anastahili heshima yetu yote. Hata hivyo, niliwauliza wenzangu kadhaa juma hili, watu wa kazi hiihii, kesi ya Mwangosi iliishaje. Picha wanaikumbuka wote, picha ile mbaya ya dakika zake za mwisho iliyotoka magazetini. Lakini kwamba Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, wengine hawakuwa na yakini nalo, na mmoja aliapa kwamba kesi ile ilifutwa. Ikiwa hivi ndivyo tunavyomfanyia mwenzetu, katibu wa pamba wa Bunda ana tamaa gani kwetu?

Siku hizi hata udhuru wa nauli umepungua. Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani huwekwa katika intaneti, katika TanzLII, pasipo malipo, na mwandishi aliyekaa Mwigobero, mjini Musoma, na simu yake anaweza kuimaliza hukumu kabla chai yake haijapoa, hata ile iliyotolewa mwaka jana bila yeye kujua. Kinachokosekana ni mhariri wa kuinunua. Kwa hiyo fikra yangu ni hii, na sioni haya kuitoa: gazeti lililochapa jina la mtu kizimbani limejitwika deni, na deni hilo lisiwe la yule kijana wa Musoma bali la chumba cha habari, jina liandikwe katika daftari, lifuatwe kila mwisho wa mwezi, na habari ya hukumu ilipwe ujira uleule wa habari ya kukamatwa, ichapwe katika ukurasa uleule, hata kama hakuna aliyealika. Gazeti lisiloliweza hilo lisiandike majina mpaka hukumu itoke. Mhariri atasema kurasa ni chache na matangazo yamepungua, nami namwamini; basi aanze kwa kupunguza picha za mgeni rasmi akikata utepe.