Mdudu Alikufa, Mwasho Ukabaki

Bibi mmoja wa kijiji cha wafugaji mkoani Singida alipokea wajukuu wawili wakati wa likizo. Mkubwa, mwanafunzi wa bweni, alikuja na upele: vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na usiku ni kujikuna mpaka alfajiri. Bibi hakuwa mzembe. Alinunua kwenye duka la dawa ile benzili benzoeti ya majimaji meupe, akampaka kijana mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, akampaka na mdogo wake, naye akajipaka. Mashuka akayafua kwa maji ya moto, magodoro akayaanika juani. Baada ya wiki akarudia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na wengi wetu hatufiki hata nusu yake.

Ila kijana aliendelea kujikuna.

Bibi akaona dawa haijashika. Akampaka tena, na kesho yake tena, kila jioni, mpaka chupa ya pili ikaisha. Ngozi ikakauka na kutoa magamba, kwapani na kinenani pakachubuka, na dawa ikigusa tu kijana anaruka. Kadiri alivyowashwa ndivyo alivyopakwa, na kadiri alivyopakwa ndivyo alivyowashwa. Ndipo jirani, kwa nia njema kabisa, akaleta dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ikiwa inaua kupe, upele ni nini? Ikamiminwa kwenye beseni la maji ya kuoga.

Ngozi iliyochubuka haizuii sumu. Kabla ya usiku wa manane kijana alikuwa anatapika, amelegea, akiitwa anaitika kwa shida. Wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, wakamkimbiza hospitali, akalazwa. Alipona. Wapo wasiopona.

"Shikamoo, bibi," tabibu alimwambia hali ilipotulia.

"Marahaba, mwanangu. Hivi huyu mdudu ni wa namna gani, hafi?"

"Alikufa zamani, bibi. Dawa yako ya mwanzo ilifanya kazi."

Akamfafanulia. Mdudu wa upele hafiki hata nusu milimita. Jike huchimba njia kwenye ngozi ya juu na kutaga humo, na mgonjwa wa kawaida huwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kinachowasha hasa ni mwili kuwakataa wao, mayai yao na kinyesi chao. Ndiyo maana aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuhisi kitu. Na dawa huua, haizoi: mizoga hubaki humo mpaka ngozi ijibandue yenyewe, na mwili huendelea kugombana na maiti kwa wiki 2, pengine 4. Dawa ya upele ikizidishwa huleta mwasho wake yenyewe, juu ya ule uliokuwepo.

Kijana akaandikiwa vidonge vya mzio vya kumeza usiku na mafuta mazito yasiyo na manukato, akakatwa kucha.

Kisha tabibu akaomba kumwona mdogo, ambaye naye alikuwa anajikuna pembeni. Akamtandaza vidole, akamulika tochi. Kati ya kidole cha pili na cha tatu palikuwa na kimstari cha kijivu kilichopinda, kifupi, na kipele kichanga kwenye ncha.

"Huyu analala wapi, bibi?"

Kumbe tangu apakwe alikuwa analala kwa shangazi yake, kitanda kimoja na binamu zake, ambao hakuna aliyewapaka chochote. Familia moja, miwasho miwili. Wa kaka, isingekuwa ule uchokozi wa dawa wa kila jioni, ungepungua polepole bila kuleta vipele vipya. Wa mdogo ulikuwa na wadudu hai. Kwa kusikiliza makucha gizani, bibi angejuaje?

Siku hiyohiyo shangazi, watoto wake wote na mdogo wakapakwa kwa pamoja, dawa ya watoto ikizimuliwa kwa maji kama walivyoelekezwa.

"Na huyu mkubwa akiniambia anawashwa?"

"Mpake mafuta, bibi. Zikipita wiki 4 bado, au ukiona vipele vipya au usaha, mlete. Ila chupa ile usimguse nayo."