Shule Yawaahidi Nini Watoto?

Siku hizi ukifika katika shule nyingi za Tanzania, za Serikali au za watu binafsi, hukosi kukuta karibu na lango ubao ulioandikwa dira ya shule, dhamira yake, maadili yake na malengo yake. Chini ya kila neno pana mistari miwili mitatu ya rangi nzuri. Shule yasema kwamba itatoa elimu bora. Yasema kwamba itawalea watoto katika uaminifu, bidii na heshima. Yasema kwamba kila mwanafunzi atafaulu. Mgeni huyasoma, akafurahi, akapita. Mwalimu huyapita kila asubuhi wala hayasomi tena, kama vile mtu asivyousikia mlio wa saa iliyo ukutani mwake.

Leo nataka tuyasome pamoja, kwa kuwa maneno hayo si pambo. Ni ahadi, na wazee wetu walikwisha kutuambia kwamba ahadi ni deni. Basi yatupasa kuuliza: Je, shule ikiwaahidi watoto wote, imemwahidi kila mmoja wao? Au yatosha kuwalipa walio wengi, na wachache wakasahauliwa?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nalilipata langoni pa shule, nikiulizwa na mtu ambaye nalikuwa nimemdhulumu.

Miaka kadha wa kadha iliyopita nalikuwa mwalimu katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja jina. Nalipewa darasa la kidato cha pili, wanafunzi 43. Shule hiyo ilikuwa na sheria yake yenyewe: mwanafunzi asiyefikisha wastani wa alama 50 katika mtihani wetu wa ndani hakuruhusiwa kufanya mtihani wa taifa pamoja na wenziwe. Aliandikiwa barua ya kuhama. Serikali imekwisha kuwakataza wenye shule kutenda hivi. Walakini barua zetu hazikusema kwamba mtoto amefukuzwa. Zilisema kwamba mzazi ashauriwa kumtafutia mwanawe shule itakayomfaa zaidi. Mwaka ule walikuwa watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Mwalimu wa darasa ndiye aliyetakiwa kutia saini. Nikatia.

Siku ya tatu baba yake yule msichana akaja. Alikuwa mkulima, mtu mzima, amevaa koti lake la safari. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu." Nalidhani atagomba, nami nalikuwa nimekwisha kujiweka tayari kwa ugomvi, lakini hakugomba. Aliniomba tu nimsindikize mpaka langoni. Tulipofika akasimama mbele ya ubao, akausoma polepole, akifuata herufi kwa kidole, mpaka akafika kwenye mstari uliosema kwamba shule itamwezesha kila mwanafunzi kufaulu. Ndipo akanigeukia, akasema, "Mwalimu, hili neno *kila*, mwanangu hamo?"

Sikuwa na jibu. Nikamweleza habari za taratibu, na za kamati, na za wastani. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanishukuru, akaikunja barua, akaenda zake.

Mtihani wa taifa ulipokwisha na matokeo kutoka, katika darasa langu hakuna aliyeanguka hata mmoja. Mwenye shule akachinja mbuzi wawili, tukapikiwa pilau. Nami nalikula pamoja na wenzangu. Lakini nalijua kwamba hakuna aliyeanguka kwa sababu wale tuliodhani wataanguka tuliwatoa kabla ya siku.

Sipendi msomaji adhani kwamba mkuu wetu wa shule alikuwa mtu mbaya. Nalimwendea baadaye kumwuliza, naye akanijibu kwa hoja, na hoja zake zastahili kusikilizwa. Alisema, "Ndugu mwalimu, shule hii yaishi kwa jina lake. Watatu wakianguka, jina litashuka. Jina likishuka, wazazi watawapeleka watoto wao kwingine. Ada ikipungua, sitaweza kuwalipa walimu wazuri. Na walimu wakiondoka, hawa arobaini waliobaki ndio watakaoharibikiwa. Je, ni haki niwapoteze arobaini kwa ajili ya watatu? Tena watatu hao sikuwatupa porini. Shule ziko nyingi."

Nimeifikiri hoja hii miaka mingi, kwa maana si nyepesi. Yeye aliyebeba mzigo wa mishahara huona mambo ambayo mwalimu wa darasa hayaoni. Hata hivyo nimeona kasoro tatu ndani yake.

Ya kwanza ni hii. Alisema kwamba tumewaokoa arobaini. Lakini wale arobaini hawakuwa katika hatari. Wangalijua hesabu zile zile na historia ile ile, hata kama wale watatu wangaliketi kando yao mpaka mwisho. Kilichokuwa katika hatari ni tarakimu ya wastani, nayo ndiyo tuliyoiokoa. Ikiwa jina la shule lategemea tarakimu hiyo, basi jina lenyewe ni la uongo, na wanaodanganywa kwanza ni wazazi waliobaki. Wao hudhani kwamba shule imewafanya watoto wao kuwa hodari, kumbe shule imewachagua tu waliokuwa hodari tangu mwanzo. Hebu fikiri hospitali inayowarudisha mlangoni wagonjwa mahututi, kisha mwisho wa mwaka ijisifu kwamba mwake hafi mtu. Nani atakayeisifu? Nasi twaisifu shule itendayo vivyo hivyo, tukaipa na kombe.

Kasoro ya pili yahusu namna ya deni. Mtu akidaiwa na watu 43, kila mmoja shilingi elfu moja, akawalipa watu arobaini, hawezi kuwaambia watatu waliobaki kwamba deni limekwisha kwa wastani. Kila mdai ana haki yake peke yake. Vivyo hivyo ahadi ya shule haikutolewa kwa fungu la watoto kama fungu la dagaa, ambalo ukiondoa wachache hakuna atakayejua. Ilitolewa kwa mtoto mwenye jina, aliyeletwa na mzazi aliyeuza mahindi yake. Shule ikisema "walio wengi watafaulu," hiyo ni ahadi nyingine, nayo yaweza kuwa ahadi ya halali. Lakini basi na iandikwe hivyo ubaoni, ili mzazi aisome kabla ya kulipa.

Kasoro ya tatu ndiyo inisumbuayo kuliko zote. Ubao wetu ulitaja uaminifu na heshima. Basi Jumatatu ile wanafunzi arobaini waliingia darasani wakaona madawati matatu hayana watu. Hakuna aliyewaeleza neno, wala hawakuhitaji kuelezwa. Walijifunza kwamba aliye dhaifu ni mzigo, na kwamba mzigo hutuliwa kimya kimya, kwa barua yenye maneno ya adabu. Hilo ndilo somo la maadili tulilolifundisha mwaka ule. Hatukulitungia mtihani, lakini naogopa kwamba walilishika vizuri kuliko masomo yote.

Labda msomaji ataka kujua yule msichana aliishia wapi. Sijui. Ningalipenda kusema kwamba alifaulu kwingine akawa mtu mkubwa, ili habari yangu ipendeze. Lakini hata kama alifaulu, kosa letu halikupungua. Na hata kama hakufaulu, halikuwa kosa kwa sababu hiyo. Lilikuwa kosa siku ile ile nilipotia saini.

Swali la shabaha ya shule si jipya katika nchi zetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki kuangalia elimu, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Taarifa yao iliyotolewa mwaka 1925 ilitaka shule zifundishe afya, matumizi ya ardhi na mazingira, maisha ya nyumbani, na namna njema ya kutumia wakati wa mapumziko. Wako waliowalaumu kwa kumpimia Mwafrika elimu ya kijijini tu, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini angalau waliuliza mtoto atakuwa mtu wa namna gani, wala si mtoto atakuwa wa ngapi.

Kisha, Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la *Elimu ya Kujitegemea*. Humo alieleza kwamba elimu ya msingi sharti iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kwendea sekondari, kwa kuwa watoto wengi wa siku zile hawakupata nafasi ya kuendelea. Tena alionya kwamba mtihani hupima zaidi kumbukumbu. Haupimi tabia ya mtu, wala nia yake ya kuwatumikia wenziwe. Na hivi karibuni, Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi yake ya kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wengine walisikitika, wakasema kwamba shindano limeuawa. Mimi nalifurahi, lakini najua kwamba kuondoa orodha si kuondoa tamaa. Mwenye shule aweza kujitungia orodha yake mwenyewe, akaibandika njia panda. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapa sina budi kuonya, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba mitihani haina kazi. Mtihani ni kama kipimajoto cha mganga: hauponyi, lakini waonyesha palipo na homa. Kosa si kuwa na kipimo. Kosa ni kukichovya kipimo katika maji baridi ili kisomeke vizuri. Wala sisemi kwamba yatosha kumwacha mtoto akae darasani mpaka miaka yake iishe. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa katika shule za sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne, milango imefunguka kwa watoto wengi sana, nayo ni heri kubwa. Lakini yuko mtoto aingiaye kwa mlango huo, akaketi nyuma miaka minne katika darasa lililojaa, asiulizwe swali hata siku moja, kisha akatoka na sifuri. Huyo hakufukuzwa na mtu, wala hakuandikiwa barua. Walakini, kumweka mtoto bila kumfundisha ni kumfukuza polepole. Shule ya kwanza imevunja ahadi kwa kumtoa, na ya pili imeivunja kwa kumsahau.

Basi, walimu wenzangu, na ninyi wazazi mketio katika bodi na kamati za shule, tufanye nini? Sishauri tufute mbao zetu. Ni vema shule iwe na shabaha, kwa kuwa mwindaji asiye na shabaha hupoteza mishale. Nashauri tu kwamba kila mwaka, kabla ya kupaka rangi mpya, tukae tujiulize maneno machache. Walioingia pamoja mwaka ule wako wangapi leo, na wale wasiokuwapo wako wapi? Yule aliye wa mwisho alianzia wapi, na je, amesogea hata hatua moja? Nani kati yetu alikaa naye baada ya kengele? Na je, tukitafuta kisa kimoja tu cha kuonyesha kwamba twaamini maneno haya, kisa kilichotugharimu kitu, tutakipata? Kwa maana thamani isiyomgharimu mtu cho chote si thamani bado. Ni maneno ya rangi. Wastani wa shule ukishuka kidogo kwa sababu haikumtupa mtu, kushuka huko ni ushahidi mzuri wa maadili yake kuliko kombe.

Nami nimejitwika desturi moja, ambayo naitoa kwa ye yote atakayeipenda. Katika shule nifundishayo sasa, siku ya kikao cha matokeo, naja na daftari la mahudhurio la mwaka ule watoto walipoingia. Kabla tarakimu hazijasomwa, nayasoma majina yote, pamoja na ya wale waliotoka, na kwa kila jina lisilokuwapo tena naomba kikao kiniambie sababu. Mara ya kwanza wenzangu walichoka, wakatazama saa. Mara ya pili mmoja wao alisema kwamba ajua nyumba ya mmoja wa watoto wale, na kwamba atapita huko jioni. Alipita, na mtoto akarudi Jumatatu.

Tarakimu za mwaka ule hazikuwa nzuri sana. Lakini yule mzee wa koti la safari angalirudi langoni akaniuliza tena lile swali lake, nadhani safari hii ningaliweza kumtazama usoni.