Nia na Kiwiko

Wanazuoni wa tauhidi wana mkono wao, na umekuwa ukitetemeka vitabuni kwa miaka elfu moja na zaidi. Wafuasi wa Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad mwaka 324 Hijria, walibishana na waliosema binadamu hana hiari hata chembe. Walimwambia mpinzani: tazama mkono wa mgonjwa unaotetemeka, kisha utazame mkono wa mtu anayejinyanyulia kitu chake. Yote miwili inakwenda. Hata hivyo kila mwenye akili timamu anajua, bila kufundishwa, kwamba mambo haya hayalingani. La kwanza linampata mtu, la pili analitenda. Hapo ndipo waliposimamisha kasbu: Mwenyezi Mungu huumba harakati zote mbili, ila ile ya pili mja huichuma, na kwa kuichuma ataulizwa.

Mfano huu nilifundishwa na baba yangu mdogo, Tanga, barazani baada ya Alasiri, kabla sijajua kwamba riziki yangu itatoka kwenye mikono ya watu isiyokwenda. Leo mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia Dar es Salaam. Wagonjwa huniita dokta wa mazoezi na nimeacha kuwasahihisha. Tangu bodaboda zijae mjini, sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ni mishipa ya fahamu ya mkono, na kadiri ninavyoishika mikono hiyo ndivyo ninavyoona kwamba mkono wa wanazuoni hautoshi. Wao walijua wa aina mbili, unaotetemeka na unaotii. Mimi nakutana na wa tatu, ulioamriwa ukakaa kimya. Mara chache nakutana na wa nne, nao ndio ulionisumbua zaidi.

Wa tatu huja hivi. Mtu anaruka kutoka kwenye pikipiki, bega linagonga lami, kichwa kinavutwa upande wa pili. Kati ya bega na kichwa kuna mizizi mitano ya neva inayotoka shingoni, inapita nyuma ya mtulinga na kuingia kwapani, na mkono mzima unaishi kwa hiyo mitano. Huvutika, huchanika, au hung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Iliyovutika tu hurudi yenyewe. Iliyokatika nyuzi za ndani huku ganda lake likiwa zima huota upya, milimita 1 hivi kwa siku. Iliyong'oka haioti. Daktari wa Kiingereza, Herbert Seddon, alizipanga neva zilizoumia katika daraja tatu mwaka 1943, na mpango wake bado tunautumia, ingawa siku ya kwanza daraja zote hufanana: mkono umelala na mwenye mkono anautazama.

Basi tunapeleleza. Nagonga kwa ncha ya kidole juu ya mtulinga na kuuliza shoti inakimbilia wapi. Ikishuka hadi mkononi, kuna shina la neva lililobaki limeshikana na uti wa mgongo. Kipimo hiki kiliandikwa na watu wawili mwaka uleule wa 1915, Paul Hoffmann wa Ujerumani na Jules Tinel wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, nchi zao zikiwa zinauana na kuwaletea madaktari mikono ya kujifunzia. Naangalia pia jicho. Kope likiwa limelegea na mboni imekuwa ndogo upande ule ule wa mkono, roho yangu hushuka, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba mizizi ya chini imeng'oka. Kipimo cha umeme cha sindano kinasubiri wiki 3 hivi, maana neva iliyokatika haifi papo hapo chini ya jeraha.

Kijana ninayemfikiria hakuwa na dalili ya jicho. Mizizi yake miwili ya juu ndiyo iliyokwisha. Bega halikunyanyuka, kiwiko hakikukunja, lakini kiganja kilikuwa kizima: akikupa mkono, unaubana kweli. Aliweza kushika kikombe cha chai na asiweze kukifikisha mdomoni. Nilimwambia afumbe macho akunje kiwiko. Taya zilikaza, pumzi ikasimama, mkono wa pili ukajikunja wenyewe bila yeye kujua. Ule wa kulia ulibaki pajani. Alipofumbua macho alisema, "Nimetuma, dokta. Haijafika."

Sijasikia mtu aliyelisema jambo hili vizuri zaidi. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1953 akiwa ameshafariki, aliuliza kinachobaki ni nini ukichukua tendo la mimi kunyanyua mkono, ukatoa ule ukweli kwamba mkono umenyanyuka. Wasomi wamelichezea swali hilo sana, na wengine wamemaliza kwa kusema hakibaki kitu. Waje chumbani kwangu. Kinachobaki kimekaa kitandani mbele yangu kinatoka jasho.

Kwa fikihi, mkono wa tatu si mgumu. Mtoto aliyesoma kitabu cha fikihi cha Safina anajua kwamba nia mahali pake ni moyoni, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii nia ni nguzo ya sala ilhali kunyanyua mikono kwenye takbiri ni suna. Asiyeweza kuweka kiganja chini kwenye sijida ana udhuru wake. Na imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Ugumu uko kwenye tauhidi. Waashari wanasema uwezo wa mja huumbwa pamoja na tendo lenyewe, hautangulii. Pasipo tendo hapana uwezo, na pasipo uwezo hapana cha kuchuma. Kijana huyu kachuma nini basi? Baba mdogo hakusumbuka: kunuia nako ni tendo, tendo la moyo, limeumbwa na limechumwa kama mengine. Nilikubali, na bado nakubali.

Kisha kijana akaja na mkono wa nne.

Neva iliyong'oka haishonwi pale ilipong'oka ikawa kama zamani. Na msuli nao hausubiri milele: ukipita mwaka au mwaka na nusu bila neva, hata ukiletewa hauipokei. Ndiyo maana miezi 6 ya mwanzo ina thamani kubwa, na ndiyo maana nagombana na wanaoimaliza kwa mtu wa kuchua. Ukoo wa kijana na wenzake wa kijiweni walichanga, akaenda India, akafanyiwa upasuaji uliobuniwa na Mfaransa Christophe Oberlin na kutangazwa mwaka 1994. Unachukuliwa uzi mmoja kutoka ndani ya neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko na kukupa shoti ukijigonga kwenye kona ya meza. Huchaguliwa uzi ambao kazi yake ni kukunja kifundo cha mkono na vidole, na ambao kiganja kinaweza kuukosa kisidhurike sana. Unaunganishwa na tawi la neva linaloingia kwenye baisepsi, chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kwa kuwa kiungo kiko karibu na msuli, milimita za kutembea ni chache. Baada ya miezi kadhaa kitu huanza kucheza.

Kinachoanza kucheza ndicho cha ajabu. Niliweka kidole changu kwenye kano iliyo katikati ya kunjo la kiwiko. "Kunja kiwiko." Kimya. "Sasa kunja ngumi, bana kama unakamua." Kano ikaruka chini ya kidole. Kijana akacheka mpaka akakohoa: "Nimeita Juma, kaitika Hamisi."

Nilipokwenda Tanga nilimpelekea baba mdogo jambo hili, nikamweleza taratibu. Alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyozoea, kisha akauliza, "Mwanangu, unaweza kunuia Adhuhuri ikakusihia Alasiri?" Haiwezekani, na yeye ndiye aliyenifundisha. Kuainisha ni sharti. Huyu kanuia ngumi, kimekuja kiwiko. Kwa nini tukiite kiwiko tendo lake? Kwa nini kisiwe ni mtetemeko tu, uliosababishwa na daktari wa India badala ya homa?

Jibu langu nililipata kwa mgonjwa mwingine, mtu mzima ambaye kiganja chake nacho kilikuwa kimekufa, hivyo hapakuwa na uzi wa kuazima mkononi. Yeye alihamishiwa neva za mbavuni, zile za kupumua. Ili kiwiko kikunje ilimbidi avute pumzi kwa nguvu. Alijifunza, polepole, na akawa anaweza kuubeba mfuko wa nailoni ukining'inia kwenye mkono uliokunjwa. Lakini kila akipiga chafya, kiwiko kiliruka chenyewe. Tulikuwa tunamwona pale, mkono umepanda nusu, anasema alhamdulillahi kwa haya kidogo kama mtu aliyekutwa akicheza ngoma peke yake.

Hapo mfano wa Waashari umeingia ndani ya mkono mmoja. Neva ni ileile, msuli ni uleule, pembe ya kiwiko ni ileile. Chafya ikikinyanyua, kimempata. Akivuta pumzi ili mfuko usiburuzike, amekitenda. Chomeka sindano ya umeme kwenye msuli ule na mashine itakuonyesha msuli umefanya kazi mara zote mbili. Haitakuonyesha ipi ni yake. Wazee wale walikuwa sahihi kwamba tofauti ipo na kwamba mwenyewe anaijua. Sisi wanafunzi wao ndio tunaokosea, tukidhani tofauti hiyo imo mkononi.

Na kiganja chenyewe kimeshatoa ushahidi siku nyingi. Mpe karatasi mtu ambaye neva yake ya alna imebanwa kwenye kiwiko, aishike kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha uivute. Gumba linatakiwa kubana likiwa limenyooka. Lake litajikunja kwenye kiungo cha mbele, kwa sababu neva ya mediani, iliyo nzima, imeingia kumsaidia mwenzake. Mfaransa Jules Froment alilieleza jambo hili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na sisi huliita udanganyifu wa mkono. Ni jina la uonevu. Mgonjwa hakudanganya. Alikusudia karatasi isimtoke, na kwa mwenye kukusudia karatasi, neva ipi imefika haimhusu. Hata mzima haijui. Hakuna anayetoa salamu mwisho wa sala akanuia misuli ya shingo.

Hilo ndilo nililomjibu baba mdogo: kuainisha kunaangukia kwenye jambo, hakushuki hadi kwenye nyama. Kijana tangu mwanzo alinuia kikombe kifike mdomoni. Juma na Hamisi ni majina yetu sisi, ya wataalamu.

"Basi kwa nini wewe ulimwamrisha ngumi?" akaniuliza.

Swali zuri, na linauma, kwa sababu kwa muda kijana alikuwa na nia mbili kweli. Alipokula ugali kwa mkono wa kulia, nao ndio aliotaka kula nao ingawa aliambiwa kwa udhuru ale kwa kushoto, ilimbidi abane ngumi ili tonge lipande, na tonge likifika mdomoni ngumi haifunguki. Akifungua, mkono unashuka. Alikuwa akilipapatua tonge kwa meno kwenye vidole vyake mwenyewe, na mchuzi ukimwagikia shati. Huyo hakuwa anakusudia kula tu. Alikuwa anakusudia ngumi kwa ajili ya kula, kwa uchungu na kwa hesabu. Kisha miezi ilipita, na ngumi ikapungua nguvu ndani ya tendo, ikabaki kugusana kwa vidole, ikatoweka. Nilimwuliza lini aliacha kubana. Hajui. Siku hizi kiwiko kinakunja kiganja kikiwa wazi. Uzi ni uleule wa alna, haukurudi mahali pake. Kilichohama ni kingine.

Hii ndiyo sababu siwavumilii watu wa aina mbili. Kuna wahubiri, wa dini zote mbili, wanaomwambia mtu mwenye mzizi uliong'oka kwamba angekuwa na imani mkono ungenyanyuka. Na kuna ndugu wanaokaa kwenye benchi langu wakisema "hajitumi." Wote wanaiona nia kuwa ni msukumo: ukiwa mkubwa mkono unakwenda, usipokwenda ulikuwa mdogo. Nimeshika mikono ya watu waliokuwa wakinuia kwa nguvu zote walizopewa na Mungu, na chini ya kidole changu hapakuwa na kitu. Nimeshika pia kiwiko kilichoruka kwa chafya. Kipimo cha nguvu ya msuli tunacho, kinaanzia 0 hadi 5. Cha nia hatuna, na 0 ya msuli si 0 ya mtu.

Baba mdogo hajakubali yote. Ameniachia njia moja: ngumi, anasema, ni kama udhu. Udhu una nia yake, lakini ni kwa ajili ya sala, na ukishahirimia huunuii tena. Nilimwambia udhu hauanguki ukasali bila huo, ilhali ngumi ya kijana imeanguka na chai anakunywa. Akasema nisubiri, atatazama vitabu.