Hatari Isiyo na Kisu

Madaktari waligundua zamani kwamba mtoto anayemumunya barafu ya kijiti kwa muda anaweza kubonyea shavu, kwa kuwa mafuta ya mwili huathiriwa na baridi mapema kuliko ngozi. Kutokana na hilo, watafiti wa Massachusetts General Hospital, Boston, walibuni njia ya kugandisha nyama uzembe, na mwaka 2010 Marekani ikaruhusu mashine yake itumike kwa mafuta ya ubavuni. Hakuna kisu wala nusukaputi. Mtu huketi, simu mkononi, kisha akarudi kazini.

Ni salama, tunaambiwa. Usalama huo ni kitu gani?

Wengi watajibu kwamba ni uchache wa madhara. Lakini uchache ni habari ya umati. Mwili wa mtu mmoja haudhuriki kwa asilimia. Septemba 2021 mwanamitindo Linda Evangelista alitangaza kwamba mafuta yake, badala ya kupungua, yaliongezeka. Hali hiyo ilielezwa na madaktari mwaka 2014, ikakadiriwa kumpata mmoja kati ya 20,000. Makadirio ya baadaye yamepanda. Uvimbe wake ni mgumu, mara nyingi huchukua umbo la kichwa cha mashine iliyobana pale, na kwa kawaida hauishi wenyewe. Aliyekikwepa kisu hukifuata mwenyewe, kama alivyofanya Evangelista.

Labda basi usalama ni uwiano kati ya hatari na haja iliyotufanya tuikubali. Mgonjwa wa saratani hupokea dawa kali, nywele zikamtoka, wala hatusemi amejiponza. Anayegandisha kiuno hakuwa mgonjwa. Je, hana haja? Sitathubutu kusema hivyo. Aibu ya mwili inauma, hata kama waliotufundisha kuionea aibu ndio hao hao wanaotuuzia dawa yake.

Ninachokitilia shaka ni ule wepesi. Woga wa kisu, pamoja na ubaya wake wote, ulimlazimisha mtu ajiulize: nalihitaji hili kiasi gani? Kisu kikiondolewa, swali huondoka nacho, ilhali hatari imebaki, imevaa tu nguo za saluni. Ridhaa inayotolewa bila swali hilo ni saini tu.

Evangelista alimalizana na kampuni ya mashine hiyo nje ya mahakama mwaka 2022. Mwaka huo huo alitokea kwenye jalada la Vogue ya Uingereza, uso na shingo vikiwa vimevutwa nyuma kwa utepe na mpira, na mwenyewe akakiri kwamba sivyo alivyo. Aliijua gharama kuliko wengi wetu, na bado haja ilikuwepo. Kwa hiyo siwezi kuiita upuuzi. Nashangaa tu kwamba kazi ya kuipima tumemwachia mwenye mashine.