Kahawa ya Mtu Nisiyemjua

Ndugu msomaji, ukinikuta siku moja ukaniuliza ni wapi mjini Napoli, kule Italia, mtu atapata chamshakinywa kizuri na kahawa ya maana, nitakujibu papo hapo. Najua. Lakini kuna kikombe kimoja nilichokinywa katika mji huo ambacho mpaka leo sijaamua kama kilikuwa halali yangu, na hicho ndicho kilichonikalisha chini kuandika.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017 hapa Mombasa. Nikakaa nyumbani nikiandika riwaya, mama akinitazama tu. Riwaya haikwisha, pesa zikaisha. Mwaka 2023 nikapata kazi katika meli ya watalii, kuosha masufuria. Si unajua mambo ya meli: watu wanadhani umeiona dunia, kumbe umeona masufuria yake. Ila mara moja kwa wiki tulifunga gati Napoli, na tukishamaliza vyombo vya asubuhi, yapata saa nne, nilikuwa na saa mbili zangu mwenyewe. Chai ya wafanyakazi ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Basi nikawa nashuka.

Ukitoka bandarini unaipita ngome ya Castel Nuovo, unapanda kidogo, unatokea Piazza Trieste e Trento. Hapo pana Gambrinus, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1860, wenye michoro ukutani na dhahabu darini. Serikali ya mafashisti iliufunga mwaka 1938, ukaja kufunguliwa tena baadaye. Usikae kwenye kiti! Kule Italia kahawa ya kusimama kaunta na kahawa ya mezani ni bei mbili tofauti, na ya mezani itakulia nauli. Simama kama wenyeji. Baa nyingi unalipa kwanza kwa mwenye sanduku la pesa, unapewa risiti, unampelekea mhudumu wa mashine. Atakuwekea gilasi ndogo ya maji. Maji hayo hunywewa kabla, kusafisha kinywa. Ukiyanywa baada ya kahawa ni kama umeionja ukaitemea mate. Kikombe chenyewe ni cha moto hata mdomo unashtuka, na kahawa ni mafunda mawili matatu, nzito, nyeusi. Baa nyingine humo mjini, mathalani ile ya Mexico pale Piazza Dante, hukutilia sukari bila kukuuliza. Kama hutaki, sema mapema.

Cha kutafuna ni sfogliatella. Iko ya aina mbili: frolla, laini kama biskuti, na riccia, ambayo ni magamba juu ya magamba, ukiiuma inapasuka na kukumwagikia shati lote. Ndani mna jibini laini ya ricotta, semolina na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Pintauro katika Via Toledo wanajulikana kwa hiyo tangu karne ya 19. Attanasio, karibu na stesheni kuu ya treni, wanazitoa tanurini moto moto. Huko nilifika mara moja tu, nikarudi melini mbio kama mwizi. Mimi ni mtu wa mahamri na mbaazi, sitawasaliti mahamri, lakini ile riccia, wallahi, ni kitu.

Na kabla sijasahau: tusiimbe sana habari za kahawa ya Italia. Napoli hupenda mchanganyiko wenye robusta nyingi, na Italia ni mteja mkubwa wa kahawa ya Uganda. Huenda kile nilichokuwa nikikisifu kilipandwa jirani na kwetu.

Sasa kile kikombe.

Watu wa Napoli wana desturi waiitayo caffè sospeso, yaani kahawa iliyoachwa ikining'inia. Mtu anaingia baa, anakunywa moja, analipa mbili, anakwenda zake. Ile ya pili inabaki. Akija asiye na kitu akauliza kama ipo, anapewa. Gambrinus wana birika kubwa mahali pa kutilia risiti hizo. Luciano De Crescenzo, aliyekuwa mhandisi kisha akaacha kazi ili aandike (wenzangu wa kalamu, msikieni huyo!), alikipa kitabu chake cha mwaka 2008 jina la desturi hiyo. Uzuri wake ni kwamba mtoaji hamwoni mpokeaji, na mpokeaji hana wa kumwinamia kichwa.

Asubuhi moja niliingia baa ndogo katika vichochoro vya Quartieri Spagnoli. Mbele yangu bwana mmoja alilipa kahawa mbili, akanywa moja, akatoka. Mfukoni nilikuwa na noti ya euro hamsini, na kahawa ilikuwa euro moja na kitu. Nikasogea kaunta nikasema, "Sospeso?" Mhudumu hakunitazama viatu wala uso. Alivuta mkono wa mashine, akaniwekea maji, akaniwekea kahawa.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nisijitetee kwa umaskini. Nilitaka kujua mtu anahisi vipi akipewa namna ile, ili nije nikaandike. Ni tamaa yetu sisi tunaojiita waandishi, ya kuvaa shida za watu kwa dakika tano halafu kuzivua.

Kabla sijakiweka kikombe chini, akaingia mzee. Akavua kofia, akamwinulia mhudumu kidevu, ishara tu, bila neno. Mhudumu akatikisa kichwa. Mzee akanywa gilasi ya maji, akavaa kofia, akatoka. Sikufungua mdomo. Zile euro hamsini zilikuwa kwenye paja langu la kulia, nazikumbuka zilivyokuwa zimekunjwa.

Usiku nilimwambia kaka mmoja wa Likoni tuliyelala naye kabini moja. Akacheka. "Dogo, wewe si mwizi. Ile kahawa ilikuwa imeandikwa jina? Aliyelipa alisema apewe mtu. We si mtu? Halafu hebu tazama mshahara wako, utazame na hiyo meli. Nani ana haki zaidi yako?"

Hoja yake si nyepesi, na kwa siku kadhaa niliishika. Lakini haikai. Kwanza, haki yangu kwa mwenye meli si ya kudaiwa kwa mzee wa vichochoroni. Pili, uhitaji haupimwi kwa rangi ya ngozi au kwa bara. Unapimwa asubuhi ileile, kwenye kaunta ileile, na asubuhi ile mmoja wetu alikuwa na hamsini.

Nikamfikiria marehemu babu yangu, barazani Mji wa Kale. Muuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe, mmoja wa wazee husema, "Wape wote, juu yangu." Kahawa chungu na kashata. Lakini pale kila mtu anajua nani kalipa jana na nani hajalipa tangu mwezi ulioandama. Babu alikuwa akimtaja kwa jina mzee mmoja aliyekuwa hodari wa kunywa na mzito wa kutoa. Yaani kwetu aibu ndiyo inayoweka hesabu. Kule Napoli wameiondoa aibu kwa makusudi, ili maskini anywe kwa raha, na walipoiondoa, hesabu nayo ikaondoka. Nani basi anailinda ile kahawa? Si mtoaji, keshaenda. Mhudumu naye akiuliza "Je, kweli huna?" ameiua desturi yenyewe.

Anayeilinda ni mpokeaji peke yake. Hapo ndipo ninapoona tunakosea tunapozungumza habari za wema. Sifa zote tunampa anayetoa, na kwa euro moja kutoa si kazi. Kazi nzito iko kwa yule anayeingia na shida zake, au bila shida, akajiuliza mwenyewe kimoyomoyo kama kikombe hiki ni chake, na hakuna atakayejua jibu. Yule mzee akiikuta kahawa tatu zinaning'inia atakunywa moja, hizo mbili ataziacha. Sina ushahidi, lakini naamini hivyo kwa jinsi alivyovua kofia.

Safari iliyofuata nilirudi pale nikalipa kahawa nne, nikanywa moja. Mhudumu akasema "Grazie", basi. Nikasubiri nafsi itulie. Haikutulia. Nilikuwa nimewalipa watu watatu wasionidai, na ninayedaiwa sikumwona. Wahenga walisema tenda wema wende zako, maneno ya kumfaa aliyetenda. Aliyechukua wema wa mtu mwingine akaenda zake, sikumbuki kama walimwachia neno.

Mkataba wangu ulikwisha mwaka uliofuata. Siku ya mwisho Napoli niliingia tena baa ile, nikalipa mbili, nikasimama pembeni na kahawa yangu nikiutazama mlango. Mzee hakuja. Alikuja kijana wa rika langu, simu ya maana mkononi, akainama kaunta akauliza kama kuna sospeso. Nikajikuta namtazama viatu. Vilikuwa vipya. Mhudumu alikuwa keshavuta mkono wa mashine.