Haki ya Furaha na Safari ya Jamaa

Msomaji, liko swali moja ambalo ni jepesi kuuliza na zito kujibu: je, mtu ambaye pato lake halitoshi mahitaji yake ana haki ya kutumia sehemu ya pato hilo kwa furaha? Swali hili halizuki katika majumba makubwa, maana huko furaha haiombi ruhusa. Huzuka katika chumba kimoja cha mabati, Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, wakati wa jioni, mtoto anapowauliza wazee wake, "Sisi tutaiona bahari lini?"

Katika mitaa hii safari ndefu si jambo geni. Kila Disemba mabasi hujaa watu waendao Kakamega, Busia, Siaya na Kisii. Na msiba ukitokea, watu huchanga usiku na kusafiri asubuhi. Safari hizo hakuna azilaumuye, kwa kuwa ni za wajibu. Lakini jamaa ikitangaza kwamba itakwenda Mombasa ili watoto wacheze mchangani, majirani hutazamana. Safari ya kilio hupata mchango; safari ya kicheko hupata lawama. Je, lawama hiyo ni ya haki?

Tuwasikilize kwanza walaumuo, maana neno lao lina uzito. Husema kwamba kodi ya nyumba haingoji, kwamba maji hununuliwa kwa mtungi, na kwamba karo ya mtoto ikikosekana mtoto hurudishwa nyumbani. Fedha iliyokwenda pwani hairudi, na kumbukumbu haipikwi ikaliwa. Mwenye akili, wasema, hujenga kwanza akacheza baadaye. Wasemao hivi si wachoyo. Wengi wao wamejinyima miaka mingi ili watoto wao wasome. Asiyeweza kuwajibu vema asifunge mzigo.

Jibu la kwanza ni kwamba hiyo "baadaye" haina tarehe. Mahitaji ya mtu wa kipato kidogo hayaishi. Moja likiondoka, la pili limekwisha kubisha mlango. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuambiwa abaki na miaka 9 mpaka madeni yaishe. Ikiwa furaha ni lazima ingoje mwisho wa shida, basi tumekwisha mwamulia mtoto huyo kwamba utoto wake utapita bila hiyo furaha.

Jibu la pili ni kwamba mapumziko si sadaka itolewayo kwa matajiri peke yao. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, lasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, wataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Na zamani sana Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alifundisha kwamba twafanya kazi ili tupate wasaa. Mama afuaye nguo za watu Lavington siku 6 kwa juma, kisha akarudi Kawangware kuwapikia wake, hakuumbwa awe mikono mitupu isiyo na macho ya kuona mbali.

Jibu la tatu ni elimu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Njia hiyo ya Kisumu hupita katikati ya Kibera. Mtoto wa pale aweza kukua akiiruka reli kila aendapo shuleni, asijue kule ilikotoka. Siku aionapo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na bahari iliyowaleta, kitabu chake cha historia hupata uhai.

Lakini, msomaji, kuwa na haki ya jambo si kuwa na ruhusa ya kulifanya ovyo. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Furaha ya mkopo huliwa siku tatu ikalipwa mwaka mzima, na alipaye aghalabu ni yule mtoto aliyefurahishwa. Kwa hiyo safari ya jamaa haina budi kuanzia katika hesabu. Mwalimu Nyerere aliiambia Tanzania mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Neno hilo lililofaa taifa lafaa pia nyumba ya chumba kimoja.

Tuchukue mfano wa jamaa ya watu 6: baba, mama, nyanya, na watoto wa miaka 14, 9 na 5. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida katika gari la moshi la Nairobi na Mombasa ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa nusu. Kwa nauli hiyo, wanne watalipa 6,000 na wawili 1,500. Jumla 7,500, na kwa kwenda na kurudi 15,000. Akiba ya shilingi 50 kila siku huifikia jumla hiyo kwa siku 300. Chakula na malazi ni hesabu ya pili, nayo isifichwe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai bila mtu kujinyima.

Katika kuchagua, tusidhani kwamba kitu cha ghali ndicho chenye furaha nyingi. Ziko pwani bustani za michezo ya maji ambazo kiingilio chake kwa jamaa nzima ni mzigo. Lakini bahari ya Bamburi haina mlango, na kivuko cha Likoni humvusha bure aendaye kwa miguu. Afadhali kulala siku mbili kwa uwezo wako kuliko kukaa saa mbili kwa majivuno.

Sasa tufikie jaribio kubwa. Tuseme mwezi wa tisa mtoto wa jirani augua, na mchango waitishwa. Ahadi kwa watoto ni deni. Uhai wa jirani ni deni pia. Ni lipi litangulie? Naona uhai hutangulia, kwa kuwa safari yaweza kungoja na ugonjwa hauwezi. Lakini wazee wasiichukue akiba kimyakimya. Wawaite watoto, wawaeleze, wawaulize, na wataje mwezi mpya wa safari. Kuahirisha mbele ya watoto si kuvunja ahadi. Kunyamaza ndiko kuvunja. Mtoto aliyekubali bahari yake ingoje ili mwenziwe apone amekwisha fika mbali kuliko Mombasa.

Wala jirani naye asiseme kwamba jamaa hiyo isisafiri kamwe maadamu mtaani yuko mwenye shida. Sharti hilo hatumwekei tajiri apandapo ndege. Kwa nini tumwekee mfuaji nguo? Haki ikimbana mmoja ikamwachilia mwingine, hiyo si haki.

Nawe, kijana usomaye haya, labda karo yako ndiyo iliyozuia safari ya nyumbani kwenu. Usione haya kwa hilo, wala usilisahau. Siku utakapopata mshahara wa kwanza, mwulize nyanya yako kama amewahi kuiona bahari.