Jembe Kabla ya Laana

Mzazi wa mji wetu wa Baraka, huku Fizi nchini Kongo, akitaka kumtisha mtoto anayepuuza masomo, humwambia: "Usiposoma, utashika jembe." Kauli hiyo naisikia sokoni, kanisani na kwenye mikutano ya wazazi, na wanaoitamka ni watu wanaokula kwa jembe. Mama aliyenunua daftari kwa pesa ya mawese na unga wa muhogo ndiye anayemfundisha mwanawe kwamba kazi iliyomlisha ni adhabu ya wajinga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na siku za Jumapili nafundisha watoto wa ekodimu, yaani shule ya Jumapili. Kwangu kauli hiyo ni fundisho la dini hata kama mzazi hakukusudia. Inasema kwamba udongo ni mahali pa walioshindwa. Basi nauliza: ni Mungu aliyesema hivyo?

Waumini wengi hujibu upesi kwamba ndiyo, wakimkumbuka Adamu na jasho la uso wake. Lakini jasho hilo liko katika sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya pili, mstari wa 15, nyoka akiwa bado hajafungua kinywa, Mungu anamweka mtu bustanini na kumpa kazi mbili: kuilima bustani na kuitunza. Mpangilio huo una uzito. Kilimo kilikuwapo wakati mtu alikuwa hajaanza kujificha mbele ya Muumba wake. Yaliyoingia baadaye ni miiba, uchovu na mavuno yanayodanganya, na hayo Fizi tunayajua vizuri. Anayeichanganya kazi na maumivu yaliyoivamia anamsingizia Mungu.

Laana tuliyoizoea sisi ilitoka kwa watu. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kibanga kwenye pwani yetu ya Ziwa Tanganyika. Watoto waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa walikusanywa hapo wakafundishwa sala, kusoma na kulima. Humo naona huruma ya kweli. Naona pia watoto ambao hakuna aliyewauliza wanataka nini. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya kilimo cha lazima katika Kongo nzima: siku 60 kwa mwaka mwanakijiji alime zao aliloamriwa, na aliyekataa alifungwa au kupigwa. Wakati wa Rais Mobutu ikaja salongo, kazi ya umma iliyoitwa ya umoja huku moyo wake ukiwa wa amri. Shuleni nako, mwanafunzi aliyechelewa alipewa kipande cha shamba la mwalimu akipalilie, nami nilipalilia. Vizazi vitatu au vinne vimelijua jembe likiwa mkononi mwa mtu anayetazamwa na msimamizi. Ndiyo maana siwalaumu wazazi. Kwao kitabu ni mlango wa kutokea, na nani asingetaka mwanawe atoke?

Kisha vita iliyozuka nchini kwetu mwaka 1996 ikatuvusha ziwa. Wengi wetu tuliishi katika kambi za wakimbizi za Lugufu na Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Kambini mahindi, maharagwe na mafuta vilipimwa siku ya mgao, na mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Watoto waliozaliwa huko walijua kwamba chakula kinatoka kwenye lori, na kwamba ufunguo wake ni kadi. Mwaka 2005 meli kutoka Kigoma zilianza kuturudisha Baraka, nasi tukawa na vijana wenye nguvu, wenye akili, waliosoma, ambao hawakuwahi kuona mmea ukikua hadi kuliwa. Mdogo wangu wa mwisho, mzaliwa wa Lugufu, alipomwona mama aking'oa muhogo kwa mara ya kwanza, aliuliza: "Nani aliuficha humo?" Mama alicheka. Mimi swali lile halijanitoka hadi leo, kwa sababu ni swali la imani. Ni nani kweli aliyeuficha humo? Mama alizika kijiti kikavu. Hakutengeneza mzizi.

Nyuma ya darasa letu kuna kipande cha ardhi tunacholima na watoto. Tunaanza na muhogo. Kila mtoto hukata kijiti cha urefu wa shubiri, lakini kabla ya kukata lazima akague majani ya mmea mama. Yakiwa yamejikunja na kuwa na mabaka ya manjano, huo ni ugonjwa wa mozaiki, ambao ndugu zetu wa Kigoma huuita batobato. Husambazwa na inzi weupe wadogo, na husambazwa pia na sisi wenyewe tunapopanda vijiti vya mmea mgonjwa. Kijiti kinaweza kupendeza machoni na bado kikabeba maradhi ndani. Mtoto wa miaka kumi akilishika hilo kwa vidole vyake, amejifunza jambo zito: tunapokea mbegu kutoka kwa waliotutangulia pamoja na magonjwa yao, na tuna wajibu wa kuchagua tutakayowapa wanaokuja. Katika nchi ambayo watoto hurithi pia visasi, somo hilo silitoi kwa ubao.

Halafu karanga. Ua lake la manjano huchanua juu ya ardhi, kila mtu analiona. Likishapata chavua, kikonyo chembamba hushuka kutoka pale ua lilipokuwa, kinapenya udongo, na tunda linakomaa gizani. Watoto hupiga magoti kukitafuta kikonyo hicho, na hakuna anayehitaji kuambiwa anyamaze. Tunang'oa pia mche wa haragwe na kutazama vinundu kwenye mizizi. Ukikipasua kinundu kilicho hai, ndani yake ni chekundu. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, na mmea nao huwalisha sukari. Mahindi yatakayofuata katika udongo huo yatafaidi. Mtoto aliyeona hayo nikimwambia kwamba hakuna kiumbe kinachoishi kwa nguvu zake peke yake, hanitazami kama mhubiri. Anaangalia mkono wake uliobeba ule mche.

Yesu alisimulia habari za mtu aliyepanda mbegu, akalala na kuamka usiku na mchana, nayo ikaota na kukua bila yeye kujua jinsi gani. Iko katika Marko, sura ya nne. Nadhani huo ndio msingi wa kile ambacho shamba humfundisha mtoto na darasa haliwezi. Hesabu ukiikosea unaifuta na kuirudia. Muhogo hauna kufuta. Unataka miezi kadhaa ya kupalilia na kungoja, na mchikichi unataka miaka mitatu au minne kabla ya kutoa ngazi ya kwanza ya chikichi. Mtoto hufanya yote yaliyo juu yake, kisha anafika mpaka ambapo juhudi yake haivuki. Hapo ndipo shukrani inapozaliwa. Asiyewahi kuufikia mpaka huo anaweza kuimba nyimbo za shukrani maisha yake yote kwa mdomo mtupu.

Kusini kwetu iko Misisi na dhahabu yake, na vijana wengi wa Fizi wamekwenda huko. Sitawahukumu, maana njaa ni njaa. Ila natazama mikono. Mchimbaji na mkulima wote wawili hufungua ardhi kwa chuma. Mmoja anatafuta kilichokwisha kuwekwa, akikipata anaondoka na shimo linabaki. Mwingine anaweka kitu, anafunika, na anafungwa na mahali hapo hadi msimu uishe. Mtoto anayelelewa kuidharau ardhi inayootesha, siku moja atajua namna moja tu ya kuiendea: kuifungua achukue.

Kutunza ni neno la pili la ile amri ya bustanini, nalo huku kwetu lina sura inayoonekana. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto Mutambala hushuka na udongo mwekundu hadi ziwani. Udongo ule umetoka kwenye mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko bila kizuizi. Ukifika ziwani hufunika miamba ambako samaki wengi wa Tanganyika hula na kuzaa. Watoto wangu wengi ni wa wavuvi. Tunapolima matuta ya kukinga maji na kupanda majani kingo zake, mtoto wa mvuvi hugundua kwamba analinda wavu wa baba yake akiwa amesimama nchi kavu.

Najua linaloweza kusemwa: je, huku si kuwatumikisha watoto? Swali ni halali, na historia niliyoitaja inalipa nguvu. Jibu langu ni kuangalia mavuno yanakwenda wapi na nani anaruhusiwa kuuliza. Mwaka 1967 Julius Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akitaka kila shule ya Tanzania iwe na shamba au karakana. Alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kuamua na waone faida ya jasho lao. Penye shamba lakini pasipo sharti hilo, watoto hubaki vibarua wasiolipwa. Kwa hiyo kwetu saa za shamba ni chache, mavuno huliwa na watoto au huuzwa kununua mbegu na chaki kwa hesabu wanayoifanya wenyewe, na hakuna mtoto anayepelekwa shambani kwa kosa. Adhabu moja tu ya jembe inatosha kubomoa somo la mwaka mzima.

Wanafunzi wangu ni Wakristo na Waislamu, na shambani sijawahi kuwatenga. Waislamu wanafundishwa kwamba muumini akipanda mti au mmea, chochote atakachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa kwake kuwa sadaka. Wakusanyaji wa hadithi, Bukhari na Muslim, wote wameipokea hadithi hiyo. Inaniongezea kitu ambacho Mwanzo haikukitaja waziwazi: mpandaji anapata thawabu hata kwa kile ambacho hakukusudia kukitoa, hata kwa ndege aliyeiba.

Na hapa nafika kwenye jambo gumu kuliko yote. Fizi watu wanauana kwa ajili ya ardhi. Ng'ombe wakiingia shambani, shamba likiliwa, bunduki hujibu, na aliyelipa kisasi hulipwa tena. Mtu anaweza kuogopa kwamba mtoto akifundishwa kuipenda ardhi atazidi kuipigania. Naamini kinyume chake, mradi afundishwe lote. Katika Walawi, sura ya 25, ardhi inaamriwa kupumzika mwaka wa saba, na Mungu anaeleza sababu: nchi ni yake, nasi tunakaa kwake kama wageni na wapitaji. Sisi tuliokula mgao ng'ambo ya ziwa tunajua ugeni ni nini. Mtoto aliyeona kwamba hakuutengeneza mzizi, kwamba udongo wake unalishwa na viumbe asiowaona, kwamba unaweza kuondoka na mvua ya usiku mmoja, ana kila sababu ya kusita kusema "yangu" kwa ukali. Anapenda kama mtu aliyekabidhiwa, na aliyekabidhiwa hujua atadaiwa hesabu.

Sidai kwamba kipande kimoja nyuma ya darasa kitaleta amani ambayo majeshi na mikataba vimeshindwa kuileta. Wavulana ninaowafundisha, baadhi yao wataitwa msituni na watu wa damu yao, na wataambiwa kwamba wanaitetea ardhi. Ninachotaka ni kwamba siku hiyo wawe tayari wanaijua kwa mikono yao, wajue inachohitaji ili kuishi, na waweze kumwuliza anayewaita: kati ya kulima na kutunza, hii unayonipa ni kazi ipi?